Tangi langu lina nyufa: beto inayojiponya itanisaidia?

Swali: Papa injiniya, tangi letu la maji ya mvua hapa Ndosho, Goma, lilipata nyufa nyembamba katika matetemeko ya 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka. Mwanangu amesoma kwamba Uholanzi kuna beto yenye bakteria wanaoziba nyufa. Je, niitafute?

Jibu: Mama, kwanza chukua karatasi ya daftari. Unene wake ni kama milimita 0.1. Ikunje mara moja, uisukume ndani ya ufa. Ikikataa kuingia, ufa wako haufiki milimita 0.2, na beto yako ya kawaida inaweza kuuziba yenyewe. Ndani yake kuna chembe za sima ambazo hazikupata maji siku ya kumwaga. Zikilowa zinaendelea kukomaa. Chokaa nayo hutoka, hukutana na hewa ya kaboni iliyo ndani ya maji, na kuacha mstari mweupe kama chumvi ya jasho kwenye shati. Basi jaza tangi, usiliache likauke, uvumilie wiki kadhaa. Shida ya Goma ni moshi wa volkano: unatia mvua yetu uchachu, na uchachu hula chokaa hiyo hiyo.

Bakteria hao si uongo. Mtafiti Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, huko Uholanzi, aliwaweka ndani ya beto wakiwa wamelala kama mbegu, pamoja na chakula chao, kalisi laktati. Maji yakipenya wanaamka, wanakula, wanatengeneza chokaa. Nyufa za hadi milimita 0.8 zimezibwa hivyo. Lakini kwa kawaida huchanganywa siku ya kumwaga, na tangi lako limeshajengwa; tena bei yake ni kubwa kuliko beto ya kawaida. Kwa tangi jipya, mimi ningetumia pesa hizo kuongeza sima, kupunguza maji ya kuchanganyia (mafundi wetu wanapenda beto ya uji!) na kulimwagilia maji siku saba.

Ufa ukiwa mpana, au ukitoa maji ya rangi ya kutu, usingoje: vyuma vya ndani huenda vimeanza kuliwa. Kama huna hakika iwapo ufa bado unapanuka, bandika kipande chembamba cha kioo juu yake, upande wa nje, kwa sima huku na huku, uandike tarehe. Kioo kikivunjika, niite tuangalie msingi.