Kicheza muziki hakirudishi kilichokatwa kwenye faili

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tandahimba, napiga muziki kwenye harusi na sherehe za unyago. Natumia simu, natuma kwa bluetooth kwenye spika. Nimeshalipwa korosho, nataka kununua kicheza muziki. Muuzaji ananiambia nichukue chenye kigeuzi cha ngazi, eti kinatoa sauti ya asili, na kwamba vya delta-sigma vinaua muziki. Nikimwongeza pesa kidogo atanigeuzia nyimbo zangu zote za MP3 ziwe FLAC za biti 24, yaani faili zisizotupa sauti yoyote. Nifanyeje?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usinunue bado, na hiyo kazi ya kugeuza nyimbo ikatae leo hii.

Naanza na hilo kwa sababu kila msimu wa korosho watu wananiletea hapa Mtwara memori kadi zilizojazwa hizo zinazoitwa nyimbo za HD, wakiuliza mbona spika haijabadilika. Haiwezi kubadilika. MP3 inapotengenezwa, programu inatupa sehemu za sauti inazokadiria sikio halitazikosa. Kwenye faili ya kilobiti 128 kwa sekunde, mara nyingi karibu kila kilicho juu ya kilohezi 16, zile sauti nyembamba za juu kabisa, kimekwenda, na matoazi na kayamba ndivyo vinavyoumia kwanza. Kilichotupwa hakipo tena popote ndani ya faili hiyo. Kilo moja ya korosho ukiimimina kwenye gunia kubwa, itabaki kilo moja. Kwenye FLAC yake utapata faili nzito zaidi na memori kadi iliyojaa mapema. Kama unabisha, fungua wimbo huo kwa Audacity, programu ya bure ya kompyuta, uangalie picha ya masafa yake: utaona juu pamekatwa vilevile, hata jina la faili liseme nini.

Ngazi na delta-sigma ni njia mbili za kugeuza namba kuwa umeme wa sauti. Ngazi ni safu ya rezista, vipande vidogo vinavyopunguza umeme. Biti 16 zina viwango 65,536, kwa hiyo rezista za hatua kubwa zinatakiwa zilingane kwa usahihi wa kiasi hicho. Rezista yenye kosa la asilimia 0.1 imekosea sehemu moja kwa 1,000, mbali na usahihi huo. Ngazi nzuri ipo, ila ni ghali, na ya bei ya chini huharibu zile sauti ndogo ndogo hasa. Delta-sigma hutumia viwango vichache kwa kasi kubwa sana, ikausukuma mchakacho unaozaliwa humo juu ya uwezo wa sikio na kuuchuja. Chipu zake za bei nafuu siku hizi zinaivuka desibeli 96 ya CD, yaani umbali kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho, bila shida. Hiyo "sauti ya asili" wanayoisifu, kwenye vicheza vingi vya ngazi visivyo na kichujio cha kidijitali, ni sauti za juu kushuka kama desibeli 3 karibu na kilohezi 20. Ni upungufu, wanaupa jina zuri.

Na wewe unatumia bluetooth! Zinazosafiri hewani ni namba. Kigeuzi kinachofanya kazi kiko ndani ya spika. Ngazi utakayoilipia itakuwa imelala. Tumia waya kutoka kwenye simu, tafuta nyimbo zenyewe zikiwa nzima, kutoka CD au kwa anayeuza FLAC halisi, na pesa itakayobaki iweke kwenye spika. Uwanjani kwenye unyago, jenereta likiwa pembeni, spika ndiyo itakayosikika.

Wengine mnaosoma, angalieni ujanja wa dukani. Chombo cha bei kubwa hupigwa kwa sauti ya juu kidogo, na desibeli moja tu inatosha sikio liseme hiki ndicho. Namba za kwenye boksi, biti 32, kilohezi 384, zinaeleza faili ambayo chombo kinakubali kupokea, wala si ubora wa kinachotoka. Mwambieni muuzaji asawazishe sauti za vyombo vyote viwili, apige wimbo uleule, nanyi mgeuke mtazame ukutani. Akikataa, au akisema utamu utakuja baada ya wiki kadhaa za kukizoesha chombo, ondokeni na pesa yenu.