Waliompigia kura wana nini?

Swali lenu la wiki hii, kwamba mgombea anayeamini ameshinda aachie ngazi lini, limenigusa pabaya. Naishi Columbia, mji mkuu wa jimbo la South Carolina, Marekani, mwaka wa sita sasa, na mji huu uliwahi kuwa na magavana wawili kwa wakati mmoja. Jibu langu ni fupi: asiachie. Ila linaloniuma hasa ni habari ya wale waliompigia kura.

Daniel Chamberlain alikuwa mzungu wa Massachusetts, ofisa katika kikosi cha askari weusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ugavana aliupata 1874 kwa kura za watu weusi, wengi wao watumwa miaka kumi tu nyuma. Mwaka 1876 akapambana na Wade Hampton, jenerali wa jeshi lililopigania utumwa. Julai, katika mji wa Hamburg wa humu jimboni, weusi sita waliuawa, baadhi yao wakiwa wameshakamatwa. Novemba 7, siku ya kura, wafuasi wa Hampton walizagaa vituoni na mashati yao mekundu, na kule Edgefield kura zikazidi idadi ya wanaume waliostahili kupiga. Hampton akadai ameongoza kwa kura 1,134. Aliyekuwa Kenya mwisho wa 2007 hahitaji kuelezwa zaidi.

Juni iliyopita mama alikuja kutoka Kisumu, nikampeleka kuona jengo la bunge la jimbo. Nikamsimulia kwamba humo ndani, tangu Novemba 30, 1876, mabunge mawili, la upande wa Chamberlain na la upande wa Hampton, yalikaa ukumbi mmoja siku nne, kila moja likidai ndilo halali. Maspika wawili, Mackey na Wallace, jukwaa moja, kila mmoja akiwapa nafasi watu wake. Hakuna aliyethubutu kutoka, asije akakuta mlango umefungwa. Walilala mumo humo. Mama akavua viatu, akaketi kwenye ngazi, jua kali. "Chakula walikuwa wakiletewa?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza. Halafu akamwonyesha kwa kidole Hampton wa shaba, juu ya farasi wake. "Na mwenzake yuko wapi?" Hana sanamu, nikamjibu. Akakitazama kile kidole, kilichotiwa wino 2007. "Basi waliompigia wana nini?"

Sikuwa na jibu. Hampton aliwataka walipa kodi wampelekee sehemu ya kumi ya kodi ya mwaka uliopita, nao wakampelekea. Chamberlain akabaki na cheti cha ushindi na askari wa serikali kuu mlangoni. Rais Hayes, ambaye naye alihitaji kura za jimbo hilihili ili aingie Ikulu, akaamuru askari hao waondoke. Wakatoka Aprili 10, 1877. Siku hiyo Chamberlain aliwaandikia wafuasi wake kwamba Rais waliyemwokoa kwa kura zao amewatupa. Kesho yake ofisi ikawa ya Hampton.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na hasira na Chamberlain kwa kuondoka. Sasa naona angebaki, damu ambayo ingemwagika ni ya wakulima weusi wa Edgefield, si yake. Yeye alikuwa na New York ya kukimbilia, na huko ndiko alikoenda kufanya uwakili. Kuondoka namsamehe. Nisilomsamehe ni makala yake ya 1901, alipoandika kwamba serikali njema haikuwezekana kwa wapigakura wale. Watu walimpigia kura huku wakiwindwa!

Kwa hiyo najipinga: aachie pale gharama ya kubaki inapolipwa na wengine, mradi wao wenyewe waulizwe kwanza. Hata hilo nalisema nikisita, kwa sababu 1895 katiba mpya ya jimbo iliwanyang'anya wengi wao kura, na kuondoka kwake hakukuwakinga. Jana nilimsomea mama haya kwa simu. Amekataa katakata. Anasema yeye angelala mle ukumbini mpaka atolewe kwa kubebwa.