Maswali yenu: Wanawake waliofumbua siri ya urithi

*Shikamoo mwalimu. Nina mabinti wanne, na mama mkwe anasema tumbo langu halijui kuzaa mtoto wa kiume. Sayansi inasemaje? – Mama wa mabinti, Morogoro*

Marahaba, mama. Swali lako lilijibiwa tangu 1905, na aliyelijibu ni mwanamke. Nettie Stevens, Mmarekani, alifundisha shule akidunduliza fedha, akaingia chuo kikuu cha Stanford akiwa na miaka 35. Baadaye, chuoni Bryn Mawr, alichunguza kwa hadubini mdudu anayeishi kwenye unga. Seli za jike zilikuwa na kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba urithi) 20 kubwa. Za dume 19 kubwa na moja ndogo. Mayai yote yalilingana. Mbegu za dume ndizo zilizokuwa za aina mbili: zenye ile kromosomu ndogo na zisizo nayo.

Kwa binadamu nako, mama hutoa kromosomu X, baba hutoa X, mtoto akawa wa kike, au Y, akawa wa kiume. Baba naye hachagui, kwa hiyo mumeo asigeuziwe kibao. Ila ningependa yeye ndiye azungumze na mama yake, si wewe.

Mwanabiolojia mwenzake, Edmund Wilson, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo wakati huohuo, na kwa miaka mingi jina lake ndilo lililotangulia. Stevens alifariki 1912 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 50. Inaniuma kwamba wanawake bado wanaachwa kwa kosa alilokwisha kuwafutia.

*Ni kweli Rosalind Franklin aliibiwa Nobel? – Kidato cha nne, Mombasa*

Tuzo ya Nobel ya ugunduzi wa umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi, ilitolewa 1962 kwa wanasayansi Watson, Crick na Wilkins. Franklin alikuwa amefariki 1958, na marehemu hapewi. Lawama yangu iko kwingine: mwaka 1953 Wilkins alimwonyesha Watson picha ya eksirei ya DNA iliyotoka kwenye utafiti wa Franklin, bila mwenyewe kujua.

*Gunzi langu moja lina punje za zambarau, za njano na nyingine zenye madoa. Ni ugonjwa? – Mkulima, Mbeya*

Si ugonjwa. Punje kutofautiana rangi ni kazi ya uchavushaji. Madoa ndani ya punje moja ndiyo yaliyomshughulisha mwanasayansi Barbara McClintock: aligundua jeni (vipande vya DNA) zinazohama mahali pake kwenye kromosomu. Wenzake wengi hawakumwelewa. Nobel aliipata 1983, akiwa na miaka 81.

*Mwanangu ana sindromu ya Down. Nilikosea nini nikiwa mjamzito? – Mama, Nakuru*

Pole kwa mzigo huo wa mawazo, dada yangu. Miaka ya 1950, jijini Paris, daktari Marthe Gautier alianzisha maabara ya kukuza seli kwa vifaa vya kuungaunga. Alitumia hata damu yake mwenyewe. Katika seli za watoto kama wako alihesabu kromosomu 47 badala ya 46. Hadubini yake haikupiga picha, basi mwenzake Jérôme Lejeune akazichukua slaidi. Makala ilipotoka 1959, jina la Lejeune lilitangulia. La Gautier lilikuwa la pili, tena limekosewa herufi.

Kromosomu hiyo ya ziada kwa kawaida hutokana na hitilafu ya mgawanyiko wa seli, mara nyingi wakati yai linapoundwa, kabla hata mimba haijatungwa. Hakuna ulichokula wala ulichobeba ukiwa mjamzito kilichoileta.