Mwanangu Zuhura, kuhusu hiyo safari yako

Assalam alaikum mwanangu. Voice yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilitoka kabisa nje chini ya mwembe maana mama yako angeingilia. Unauliza kama uichukue ile milioni nne uliyoiweka miaka mitatu uende Ujerumani wiki mbili kwa yule rafiki yako aliyekuja kujitolea hapo hospitali Tabora, au ni kufuja hela wakati wadogo zako bado wanasoma. Nitakujibu. Ila kuna neno moja umelisema limenikaa, umesema "mbona yeye alikuja kirahisi tu baba".

Hilo "kirahisi" ndo linanifanya niandike usiku huu.

Mjerumani wa Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika, huwezi kumkumbuka, 1995 ulikuwa bado mgongoni, lakini hadithi yake unaijua nusu, ile ya kuchekesha ya alivyokula pilipili. Nusu nyingine sijawahi kuwaambia. Unajua mimi nilikuwa karani wa mizigo humo melini, kazi yangu kuhesabu magunia ya dagaa na mahindi mpaka Kasanga, mpaka Mpulungu, na hiyo Mpulungu ya Zambia ndo ng'ambo pekee niliyowahi kukanyaga hadi leo. Basi yule kijana alikuja kuiona meli tu. Anatoka maeneo ya Papenburg, ambako Liemba ilijengwa 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikawekwa kwenye makasha ikaletwa kwa meli hadi Dar, kisha kwa treni hadi hapa Kigoma ikaungwa upya. Alikuwa anaigusa ile meli kama mtu kampata babu yake. Nikampenda, nikamleta nyumbani.

Nikamuuliza umepataje nauli ya kuja huku kote, nilidhani baba yake ni tajiri. Akasema nilifanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, miezi minne, napanga mikate kwenye makreti. Kupanga makreti! Nilipobaki peke yangu nikafungua daftari la mizigo nikapiga hesabu kwa koroboi, nikakuta zamu yake moja ya masaa nane ni karibu mshahara wangu wa mwezi mzima. Hakuwa bosi, hakuwa amesoma kunizidi, na mgongo wake haukuwa na nguvu kuliko wangu.

Siku hiyo alikula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese akashiba, akasema kwa moyo mweupe kabisa, na neno lenyewe kajifunza sokoni Mwanga, "hapa kila kitu rahisi sana". Mama yako ameshika sufuria. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa karudi kutoka dukani mikono mitupu, viatu vya shule vya kaka yako vilimshinda bei. Akasema taratibu, "rahisi kwa nani?" Kijana akadhani anaulizwa kama aongezewe, akanyoosha sahani. Na mama yako akamuongezea.

Miaka thelathini mwanangu na bado inaniuma, wala sijui inaniuma kwa sababu ya yule kijana au kwa sababu ya vile viatu.

Ndo maana huwa nawaambia mzigo ni ule ule, mabega ndo hayafanani. Tiketi ya ndege haijui umetoka Ujiji au Berlin, ndege yenyewe na mafuta yake vinanunuliwa kwa dola, kwa hiyo wewe na yeye mnatajiwa bei zinazokaribiana. Ila kunyoa, chips, bodaboda, gesti, hivyo bei yake inafuata kipato cha watu wa pale pale. Kinyozi wa kule hanyoi vichwa kumi kwa mpigo kumzidi wa hapa Mwanga, kazi ni moja, ila analipwa kwa hela ya kwao, na akija nayo huku anatuona tunagawa vitu bure.

Angalia viza tu. Mjerumani akija kutembea huku analipa dola 50, akitaka anailipia hata uwanja wa ndege akishuka. Wewe ni yuro 90, ufunge safari mpaka Dar, upeleke taarifa za benki, bima ya matibabu ya kukulipia si chini ya yuro 30,000, na wakikukataa hiyo 90 hairudi. Kima cha chini kwao mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, yani hiyo ada ilikuwa masaa saba ya mfagizi wao. Huku serikali ilipandisha kima cha chini kwa watumishi wake kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025, na ada hiyo hiyo inakula zaidi ya nusu ya mwezi.

Lakini simuonei wivu rafiki yako, nisieleweke vibaya. Nae huko kodi ya nyumba inammeza, ukifika utaona chupa ya maji ina bei ya mboga yetu ya siku nzima, na ukianza kugeuza kila kitu kuwa shilingi utashinda njaa.

Ningesema basi usiende. Halafu namkumbuka bibi yako. Alijidunduliza kwa mawese miaka kumi na moja, dumu kwa dumu, akaenda Makka, na hakuna mtu Ujiji alimwambia anafuja. Utasema ile ilikuwa ibada, ni kweli, wala silinganishi. Ila mzigo ni ule ule, na mabega ya bibi yalikuwa madogo kuliko yako. Yule kijana nae alinikaribisha kwao, nikaulizia nauli, ikawa kama mshahara wa mwaka mzima bila kula. Nilikuwa na miaka 34. Nikaikunja anwani yake nikaiweka, nikasema mwakani.

Sikwambii nenda na sikwambii usiende, wewe ni mtu mzima, hela ni jasho lako la zamu za usiku na mimi sina haki nayo. Ningeweza kusema lakini naacha.

Ile hela ya mabati usitume mwezi huu, wala ujao. Nimepanda nikaangalia, paa linavuja upande wa jikoni tu, tutaweka beseni.

Baba yako.