Sampuli ya kinyesi cha paka isikae kwenye joto

Dada, umeuliza kama kinyesi cha paka wako kinaweza kungoja kutwa nzima huko Kondele, Kisumu, kabla ya kupelekwa maabara ya utafiti wa bakteria wa utumbo. Kwa joto la huko, hapana: bakteria huendelea kuzaliana, na sampuli haionyeshi tena hali halisi ya tumbo lake. Vaa glavu, chota kikiwa bado kipya, sehemu ya juu isiyoshika mchanga, utie kwenye kichupa kisafi chenye kifuniko cha kukaza. Andika tarehe, saa, na dawa zozote alizopewa, hasa antibiotiki. Kiweke kwenye friji, mbali na chakula, kifike siku hiyo hiyo. Watu wa maabara watakigandisha, mara nyingi kwa nyuzi -80 za Selsiasi. Kikishaganda kisiachwe kiyeyuke. Na kama una mimba, tafadhali mwachie mtu mwingine kazi hii, maana kuna toksoplasma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni.