Maswali ya Wasomaji: Mechi ya nyumbani iandikweje ubaoni?

SWALI: Ndugu mhariri, sisi ni kamati ya michezo ya chuo kimoja huku Nyegezi. Tumepewa ukuta wa jukwaa tuandike mechi kumi za kukumbukwa zilizochezwa kwenye uwanja wetu. Kila tunayemuuliza ana zake kumi, na tarehe hazifanani. Tuanzie wapi? – Katibu, Nyegezi

JIBU: Anzeni na karatasi, ndugu katibu, rangi ya ukutani ije mwisho. Nunueni kaunta buku, kila mechi ipate ukurasa wake. Juu iandikwe tarehe kamili. "Mwaka wa masomo 2011/12" hautoshi, maana mechi ya Novemba na ile ya Mei zitageuka mechi moja. Chini ya tarehe yafuate mashindano na hatua yake, mwenyeji, matokeo ya mapumziko na ya mwisho, wafungaji na dakika zao, mwamuzi, hali ya uwanja, kisha habari hizo mmezitoa kwa nani au kwenye karatasi ipi. Huo mstari wa mwisho kamati nyingi huuruka, na ndio utakaowaokoa siku mchezaji wa zamani atakaposimama mbele ya ubao akidai goli lile lilikuwa lake.

Tarehe na mashindano si urembo. Chukueni mfano wa hapa hapa Mwanza. Tarehe 30 Aprili 2017 Mbao FC waliifunga Yanga 1-0 pale CCM Kirumba, nusu fainali ya Kombe la FA, kwa goli la kujifunga. Tarehe 20 Mei, Kirumba hiyo hiyo, Mbao wakaifunga Yanga 1-0 tena, safari hii mechi ya mwisho ya Ligi Kuu. Siku ishirini tu, timu zile zile, matokeo yale yale. Ya kwanza iliwapeleka Mbao fainali kule Dodoma, ambako Simba waliwafunga 2-1 katika dakika za nyongeza. Ya pili ni ya ajabu zaidi: wageni walifungwa na ubingwa wakauchukua, kwa sababu walilingana na Simba kwa pointi 68 na kuwazidi tofauti ya magoli. Ukiandika "Mbao 1 Yanga 0, 2017" umezizika zote mbili. Kwa hiyo kabla hamjabishana mechi ipi ilikuwa tamu, ulizeni kila timu ilikuwa na nini cha kupata au kupoteza filimbi ya kwanza ilipopulizwa.

Yanayosimuliwa tu yaandikeni kwa penseli. Wino upite pale vyanzo viwili visivyotegemeana vinapokubaliana: fomu ya wachezaji na ripoti ya mwamuzi, kwa mfano, au gazeti na barua iliyo kwenye faili la chuo. Watu watatu waliosimuliana kisa kile kile bwenini kwa miaka mitatu ni chanzo kimoja. Wahojini mmoja mmoja, na picha msiitoe mapema. Ukimwuliza mtu, "Si tuliwafunga tatu moja?" ataitikia tu. Mwulize kipindi cha pili walikuwa wanashambulia lango lipi, uwanja ulikuwa umelowa au vumbi tupu, nani alikaa golini.

Jihadharini na majina ya utani. Chuo kikiwa kimepitiwa na kina "Messi" watatu, bila jina kamili na mwaka wa kujiunga magoli yao yote yatamwangukia mmoja. Na mechi iliyoamuliwa kwa matuta iandikwe sare: 1-1, kisha "penalti 4-3". Mikwaju ile haiongezwi kwenye matokeo ya mechi wala kwenye magoli ya mchezaji.

SWALI: Tuna picha ya zamani, wachezaji wamesimama mbele ya goli, haina maandishi yoyote nyuma. Kuna namna ya kuijua? – Msomaji, Malimbe

JIBU: Ipo, na Mwanza mna bahati ya mawe. Majengo hubomolewa na miti hukatwa, lakini lile jiwe kubwa nyuma ya goli lipo vile vile. Nendeni uwanjani na picha mkononi, msogee mpaka mawe yapangane kama yanavyoonekana pichani. Hapo mmepata mpiga picha alisimama wapi, na goli lile ni lipi.

Kisha tazameni vivuli. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la alasiri huwa kaskazini-magharibi, kivuli kikalala kusini-mashariki. Desemba jua limehamia kusini-magharibi na kivuli kinaelekea kaskazini-mashariki. Dira ya simu inatosha kupima. Urefu nao unasema: saa 10 alasiri kivuli kinauzidi kidogo urefu wa mtu, saa 11:30 kinakaribia mara tatu yake. Karibu na Machi na Septemba kivuli huangukia mashariki moja kwa moja, hivyo hapo hakitawatenganishia miezi hiyo miwili. Mwaka hakiutaji kabisa. Huo utafuteni kwenye jezi, na kwenye jengo lililokuwapo au lililokuwa halijajengwa.

Jambo moja la kukagua kwanza kabisa: namba za jezi zinasomeka sawasawa? Picha za filamu zilisafishwa wakati mwingine zikiwa zimegeuzwa, kulia kukawa kushoto, na hapo mawe na vivuli vyote vitawadanganya.

SWALI: Babu yangu husema mechi kubwa kuliko zote hapa mjini ni Simba na Yanga ya 1974, Nyamagana. Hiyo nayo ni ya nyumbani? – Msomaji, Pasiansi

JIBU: Mpe babu shikamoo yetu, kumbukumbu yake iko sawa. Ilikuwa tarehe 10 Agosti 1974. Adam Sabu aliitanguliza Simba dakika ya 16, na Simba wakaishikilia hiyo moja mpaka dakika ya 87, Gibson Sembuli aliposawazisha. Sunday Manara akafunga la pili dakika ya 97, ndani ya muda wa nyongeza, Yanga wakashinda 2-1. Dakika tatu tu zilibaki ubingwa uende kwingine.

Lakini ya nyumbani haikuwa, kwa timu yoyote kati ya hizo. Zote ni za Dar es Salaam. Ni ya uwanja, na kwenye ubao wa Nyamagana ingestahili mstari wa kwanza. Vyuo navyo vitenge nyumbani, ugenini na uwanja huru. Mechi yenu ikihamishiwa Nyamagana kwa sababu kwenu kumejaa maji ya masika, kwenye kaunta buku nyinyi ni wenyeji, ila kwenye ukuta wa jukwaa lenu isiwekwe. Haikuchezwa pale.

SWALI: Tuweke na mechi tulizofungwa? – Nahodha, Ilemela

JIBU: Wekeni. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kinacheza ule mpira wao wa kubeba mkononi kwenye uwanja uliofunguliwa 1927, na sasa unaingiza watu zaidi ya 100,000. Tarehe 1 Septemba 2007 Appalachian State, chuo cha daraja la chini yao, kiliwafunga pale pale 34-32, na shuti la mwisho la wenyeji likazuiwa kwa mkono. Huwezi kusimulia uwanja ule ukairuka siku hiyo.

SWALI: Nusu fainali yetu ya mtoano ilivunjika kwa giza tukiwa kwenye penalti. Tuiandikeje? – Kocha, Buhongwa

JIBU: Andika "ilivunjika", matokeo ya dakika 120, penalti zilizokuwa zimepigwa, kisha uamuzi wa waandaaji. Sheria za mpira zinasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vingine. Ikirudiwa, fungua ukurasa mpya.

Mwakani pigeni hesabu mapema. Mkianza saa 10:00, dakika 90 na mapumziko ya robo saa zinawafikisha saa 11:45, na muda wa kufidia juu yake. Dakika 30 za nyongeza zinaishia kama saa 12:30, matuta saa 12:45. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:05 hivi, kufuatana na mwezi. Uwanja usio na taa uanze mtoano saa 9:30, hasa Novemba, jua linapowahi kuzama na mawingu ya vuli yanapowahi zaidi.