Muulize Fundi: "Kabati ni la mninga, haliwezi kumwangukia mtoto"

SWALI: Shikamoo fundi. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi miwili, kazi yake sasa hivi ni kupanda tu. Juzi nimemkuta amevuta droo ya chini ya kabati letu la chumbani, amesimama ndani yake, mikono imeshika ya pili. Nilihisi moyo unachomoka. Mume wangu anasema niache wasiwasi: kabati ni la mninga, wanaume wanne walilibeba kwa shida, mtoto wa kilo tisa atalitikisaje? Juu yake ndiko ilikokaa TV. Tumepanga, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Halafu meza ya sebuleni ina kona kali, na kitanda alichorithi kwa binamu yake naambiwa fito zake zimeachana mno. Nianzie wapi?
Mama Mpandaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye TV. Ishushe leo hii, haya mengine utasoma baadaye.

Mumeo msalimie, ila kwenye hili la mninga amekosea, na simcheki. Mimi niliyeshika randa Keko, Dar es Salaam, miaka yote hii niliamini hivyo hivyo. Mwaka 1998 nilimtengenezea mke wangu kabati la droo nne, mninga mtupu, nikalipiga vanishi mpaka ukijitazama unajiona. TV ya chogo ikapandishwa juu. Siku moja mwanangu wa pili, hajatimiza hata miaka mitatu, akazitaka biskuti zilizofichwa droo ya juu. Alivuta ya chini, akavuta ya pili, ya tatu, akazipanda kama ngazi. Kilichomwokoa ni udogo wa chumba chetu. Kabati lilipoinama liliegemea ukingo wa kitanda, TV ikatua kwenye godoro, na yeye tukamtoa kwenye ule uwazi wa chini, kichwa cheupe kwa poda ya mama yake, analia kwa nguvu zote. Kilio kile nilikishukuru.

Sikiliza linavyokwenda. Droo zikiwa zimefungwa, uzito wote wa kabati umekaa juu ya miguu yake. Ukivuta droo moja, nguo zilizomo zinahamia mbele ya miguu ya mbele, lakini kabati bado linavumilia. Zikitoka zote, sehemu kubwa ya mzigo inaning'inia nje, na mtoto aliyeshika ukingo wa droo ya juu anafanya kazi ya mtu anayekandamiza ncha ya mtaimbo: kilo zake chache zinatosha. Halafu kumbuka kwamba droo nazo ni za mninga. Uzito anaousifu mumeo unatoka nje pamoja nazo, na likianguka ndio uzito huo huo unaokuja.

Kama bado anabisha, mfanye jaribio mkiwa wawili, mtoto akiwa kwa jirani. Fungueni droo zote, yeye alikinge kabati kwa mbele, wewe kandamiza ukingo wa droo ya juu taratibu. Mimi karakana hutumia ndoo ya maji ya lita 20, maana kilo 20 ni kama mtoto wa miaka mitano. Wamarekani ni wakali zaidi. Sheria yao iliyosainiwa mwishoni mwa 2022 inataka makabati mapya ya nguo yapimwe kwa kuigiza mtoto wa hadi kilo 27 anayeyavuta na kuyapanda.

Dawa yake ni kulifunga ukutani. Nunua vyuma viwili vya umbo la L. Hapa mafundi wengi wanaharibu: wanakaza skrubu kwenye plaiwudi ya mgongoni. Plaiwudi hiyo ni nyembamba kama jalada la daftari gumu, itachanika tu. Kaza kwenye fremu, ile mbao nene ya juu. Upande wa ukuta, tumia drili ya namba 8 na fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya namba hiyo hiyo, na tundu lipite lipu liingie kwenye tofali lenyewe, kama sentimeta tano au sita. Skrubu iliyoishia kwenye lipu utaing'oa kwa mkono.

Mwenye nyumba mwendee kwa adabu, tena nenda na mtoto. Mwambie ni matundu mawili, kila moja upana wa penseli, na siku ya kuhama utayaziba na kupaka rangi. Wengi wanaokataa wanafikiria misumari ya picha kila kona. Akishikilia msimamo, vitu vizito viwe droo ya chini, za juu uzifunge kwa ufunguo, na miguu ya mbele uitie kabari nyembamba ili kabati lilalie ukuta kidogo. Lakini sikudanganyi, hiyo haifiki nusu ya skrubu mbili. Ingekuwa kwangu, kabati lingehamia chumba anachofungiwa asiingie.

Meza ni kazi ya nusu saa. Fundi aweke sarafu ya shilingi mia mbili kwenye kona, achore mduara wake, akate, apige msasa. Ukiwa unamsubiri, kata kipande cha kandambili iliyochakaa, ukichonge na kukigandisha kwa gundi. Kikague kila siku, maana wa umri huo aking'oa kitu hukipeleka mdomoni. Kama juu ya meza ni kioo cha kawaida, kile kinachopasuka vipande virefu kama visu, kiondoe kabisa, uweke ubao.

Kuhusu kitanda, nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimeta sita. Kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya, kichwa kikabaki. Huna futi? Chukua kopo la soda. Likipita kati ya fito, kitanda kirudishe kwa fundi aongeze fito, na mpaka hapo mtoto asikilalie. Godoro nalo lijae. Vidole viwili vikiingia vikabaki na nafasi kati ya godoro na ubavu wa kitanda, ni dogo mno.